Akitoka hospitali, alale wapi? Wagonjwa wa akili wasio na makao katika Nyakasanza

Bunia – Kila mkaaji wa Nyakasanza anaweza kuonyesha kwa kidole angalau mmoja. Huyu anaokota karatasi na chupa tupu kandokando ya barabara. Yule anasimama mbele ya duka na kuhubiria watu ambao hawapo. Mama mwingine anabeba fungu la matambara asubuhi mpaka jioni, na watoto wa shule wanamfuata kwa kelele. Mchana wanaonekana na wote. Usiku, maduka yakishafungwa na wamotari wa mwisho wakirudi nyumbani, hakuna anayejua wamelala wapi, na kwa kweli ni wachache wanaouliza.

Mjini Bunia mazungumzo juu ya watu hawa yanarudi kila mara mmoja wao akimrushia mpita njia jiwe, ama akikutwa asubuhi amejeruhiwa. Wakati huo neno linalosikika ni moja: waondolewe. Serikali iwaondoe sokoni, iwaondoe barabarani, iwaondoe kwenye milango ya makanisa. Lakini kuondoa ni nusu ya kazi. Waondolewe, wapelekwe wapi? Hospitali itawapokea siku ngapi? Na siku hizo zikiisha?

Kwenye swali hilo la mwisho ndipo mambo yanakwama. Mji una hospitali kuu, una vituo vya afya, una makanisa karibu kila avenue. Kinachokosekana, au kinachopatikana kwa bahati tu na kwa wema wa mtu mmoja mmoja, ni mahali pa katikati: nyumba ndogo ambapo mgonjwa aliyeanza kutulia anaweza kulala kwa wiki ama miezi michache, akila, akimeza dawa kwa saa yake, huku wengine wakimtafutia jamaa yake au chumba. Bila mahali hapo, dawa inayotolewa Jumatatu inapotea kwenye mvua ya Ijumaa.

Vita na wale waliokuwa wakitunza

Ni rahisi kusema kwamba vita vimeleta vichaa wote wa Bunia. Ukweli una pande zaidi ya moja. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba katika maeneo yenye vita, mtu mmoja kati ya watano ana aina fulani ya tatizo la akili. Wengi wao wana huzuni, hofu, kukosa usingizi, ndoto mbaya. Wanaendelea kulima, kuuza, kulea watoto, ingawa kwa taabu. Wale ambao ugonjwa umewashika kabisa, wanaosikia sauti, wanaoamini kwamba kila mtu anataka kuwaua, ni wachache zaidi. Ugonjwa unaoitwa skizofrenia, kwa mfano, unapata karibu mtu 1 kati ya 300 duniani, hata katika nchi ambazo hazijasikia mlio wa risasi kwa miaka mingi.

Kwa hiyo hata kama Ituri ingekuwa na amani tangu uhuru, Nyakasanza ingekuwa na wagonjwa wake. Tofauti ingekuwa hii: wengi wangekuwa nyumbani. Zamani kijijini Djugu au Irumu, mtu ambaye kichwa chake kimevurugika alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba ya kaka yake. Alichota maji, alichunga mbuzi, siku mbaya alifokea miti, na mama yake alijua namna ya kumtuliza. Hakutibiwa vizuri, wengine walifungwa hata kamba, hilo lisifichwe. Lakini alikuwa na mwenyewe.

Vita vya 1999 hadi 2003 vilivunja vibanda hivyo. Tangu mwisho wa 2017 mauaji yamerudi, Djugu kwanza, kisha Irumu, Mahagi, Mambasa. Familia zilikimbia usiku. Anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria, godoro ikiwezekana. Mtu mzima asiyeelewa kwa nini watu wanakimbia, anayekataa kutoka au anayekimbia upande mwingine, ni mzigo ambao wengi walishindwa kuubeba. Baadhi yao walifuata barabara peke yao mpaka mjini. Wengine walifika na jamaa zao kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, kisha wakatoka humo, sababu hema moja la turubai lenye watu saba halina nafasi ya mtu anayepiga kelele usiku kucha. Na hata kambini si salama: kila mtu hapa anakumbuka Plaine Savo, usiku wa kuamkia Februari 2, 2022, zaidi ya watu 60 walipouawa ndani ya kambi.

Hilo ni muhimu kwa kuelewa nyumba ya muda ni ya nini. Mgonjwa wa Nyakasanza amepoteza afya, na pia amepoteza wale waliokuwa wakimkumbusha kula.

Hospitali inahitaji mtu wa pembeni

Yeyote aliyewahi kulazwa nchini Kongo anajua kwamba hospitali haifanyi kazi peke yake. Kando ya kitanda kuna garde-malade. Ndiye anayepika kwenye makaa nyuma ya jengo, anayefua mashuka, anayekimbia na karatasi ya daktari mpaka famasi, anayekwenda kwa wajomba kutafuta pesa bili ikifika. Mfumo mzima umejengwa juu ya mgongo wake, ijapokuwa jina lake haliko kwenye bajeti yoyote.

Mgonjwa wa barabarani hana garde-malade. Akiletwa na watu wema au na polisi, swali la kwanza mlangoni ni lile lile: huyu ni mutu wa nani? Jibu likikosekana, anapewa sindano ya kumtuliza, analala siku mbili tatu, kisha anatoka. Si kwa sababu wauguzi wana roho mbaya. Hakuna wa kumpikia, hakuna wa kulipa, na kitanda kinangojewa na mwingine.

Kisha kuna dawa zenyewe. Zile za msingi, kama haloperidoli na klopromazini, ni za zamani na hazina bei kubwa. Ziko kwenye orodha ya OMS ya dawa muhimu. Ila zina masharti ambayo hayaandikwi kwenye paketi. Zinataka wiki kadhaa kabla ya sauti za kichwani kupungua vizuri, na lazima zimezwe kila siku. Zinaweza kukaza shingo na kutetemesha mikono, hivyo anahitajika mtu wa kuona dalili hizo na kumrudisha kwa muuguzi. Zinaleta usingizi mzito, na kwa mwanamke anayelala nje, usingizi mzito ni hatari. Baadhi yake zinaongeza njaa. Mtu asiye na uhakika wa kula hata mara moja kwa siku, ukimpa kidonge kinachozidisha njaa, atakitupa, na ni vigumu kumlaumu.

Ipo sindano inayokaa mwilini wiki mbili hadi nne, na kwa watu wasio na makao ingefaa sana. Lakini sindano hiyo pia inamtaka mgonjwa apatikane tarehe ya kurudi ikifika. Kadi yake itawekwa wapi? Mfukoni mwa koti lililochanika? Yeye mwenyewe atatafutwa kwenye avenue gani?

Ndiyo maana wauguzi wanaona uso ule ule ukirudi. Mtu anatulia, anasema jina lake na la kijiji chake, watu wanafurahi kwamba amepona, anaachiliwa. Miezi miwili baadaye yuko tena barabarani, pengine bila nguo. Wakaaji wanasema: mnaona, kichaa haiponi. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeanza kusikia dawa.

Kasho, mnyororo, au barabara

Mahali pa katikati pakikosekana, pengine panachukua nafasi yake. Pa kwanza ni chumba cha maombi. Familia zinapeleka mgonjwa kwa pasta sababu pale anapokelewa bila kuulizwa pesa siku ya kwanza, na sababu pale angalau mtu anakaa naye. Hilo la pili lisidharauliwe. Ni kitu ambacho hospitali imeshindwa kutoa. Lakini katika baadhi ya vyumba hivi mgonjwa anafungwa, ananyimwa chakula kwa jina la mfungo, na dawa inakatazwa. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi 60 hivi za dunia. Si jambo la Kongo peke yake, wala la Waafrika peke yao.

Pa pili ni kasho. Polisi wakiitwa na wenye maduka, hawana gari la wagonjwa wala chumba cha kutuliza. Wana kasho. Hapo sheria yenyewe ina historia ndefu. Dekreti ya Mei 23, 1896, wakati nchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, ilihusu uzururaji na kuombaomba, na dawa yake ilikuwa kumkamata mtu na kumweka mikononi mwa serikali. Jambo la kuchekesha kwa uchungu ni kwamba wakati huo huo, kule Ubelgiji, mji mdogo wa Geel ulikuwa na desturi ya karne nyingi ya familia kupokea wagonjwa wa akili nyumbani na kuishi nao. Kongo iliandikiwa dekreti. Desturi ya Geel ilibaki Geel.

Pa tatu ni barabara yenyewe, na barabara ya Bunia si sawa na ya mji wenye amani. Mtu asiyejulikana, asiye na kadi, asiyejibu askari anapoulizwa usiku, au anayejibu kwa lugha ambayo mtaa unaiogopa, anaweza kuhesabiwa mpelelezi. Ugonjwa wake hauandikwi kwenye paji la uso. Kwa wanawake hatari ni nyingine tena: kubakwa, mimba, kujifungua kwenye baraza ya mtu, na mtoto ambaye kila mtu anamhurumia kwa siku tatu.

Kwa wanaofikiria kuwapeleka mbali, njia pia zimekuwa finyu. Mashariki ya nchi ina vituo vyenye uzoefu mrefu: SOSAME mjini Bukavu tangu 1994, na Tulizo Letu mjini Goma, vyote viwili na kazi ya Mabruda wa Upendo. Lakini Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Kumsafirisha mgonjwa anayeogopa kila sare ya kijeshi, akivuka mistari ya wapiganaji, ni jambo ambalo familia chache zitathubutu. Na hata akifika na kutibiwa vizuri, atarudi Bunia na swali lile lile la pa kulala.

Hesabu ya vitanda 12

Tuseme tarafa moja inapata nyumba ya vitanda 12. Si hospitali: muuguzi anapita, hakai. Kuna mama mpishi, kuna mlinzi wa usiku aliyefundishwa, kuna sanduku la dawa lenye kufuli, vyumba vya wanawake upande wao na mlango wao. Kila mtu anakaa siku 90 kwa wastani. Kwa mwaka mmoja kila kitanda kinapokea watu wanne, yaani watu 48. Kwa tarafa moja ya Bunia hiyo ni kazi ambayo wapita njia wataiona kwa macho.

Hesabu hiyo ina sharti moja. Lazima watu watoke. Kama kati ya 12 wa kwanza ni wanne tu wanaopata pa kwenda, basi kufikia mwezi wa nne nyumba ina vitanda vinne vya wageni wapya na wanane wasio na njia. Duru nyingine mbili hivi, na vitanda vyote vinakuwa na wenyewe. Muda unaandikwa kwenye ubao mlangoni, lakini ndani hakuna wa muda tena. Ndipo mambo mawili yanatokea, na yote mabaya: ama nyumba inageuka bweni la kudumu lenye chakula cha kupungua kila mwezi, ama msimamizi anaanza kutoa watu siku ya 90 hata kama wanarudi barabarani, ili takwimu za mfadhili zibaki nzuri.

Kwa hiyo anayetaka kufungua nyumba kama hii Nyakasanza aanze kazi upande wa kutokea. Kabla ya kununua magodoro, awe na watu wa kutafuta jamaa: wahamasishaji wa afya wa mtaa, washefu wa avenue, wakubwa wa nyumba kumi, kamati za kambi kama ile ya Kigonze, makatekista, maimamu. Mgonjwa akitulia anataja kijiji, mto, shule, jina la mjomba. Kila jina ni kamba ya kuvuta. Wakati mwingine mjomba yuko avenue ya tatu na alifikiri huyu alikufa. Wakati mwingine mjomba yuko kambini, anamtaka ndugu yake kwa moyo wote, ila hana hata futi mbili za kumlaza. Na wakati mwingine familia inakataa waziwazi, sababu siku za ugonjwa yule mtu alichoma nyumba au kumpiga mama. Kukataa huko kusihukumiwe haraka. Mara nyingi familia inahitaji kuambiwa mambo matatu ya kawaida: dawa itatoka wapi, nani ataitwa akianza kuvurugika usiku, na kama anaweza kurudi nyumba ya muda kwa wiki moja wao wapumzike.

Hilo la kurudi ni la maana kuliko linavyoonekana. Mlango unaopokea mtu mara ya pili bila kumkaripia unafanya familia ithubutu kumpokea mara ya kwanza.

Wengine walifanyaje

Mwaka 1954, karibu na mji wa Abeokuta nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alikuwa na hospitali ya Aro ambayo ujenzi wake haujakamilika. Badala ya kungoja, aliongea na wanavijiji wa jirani wapangishe vyumba kwa wagonjwa. Asubuhi mgonjwa alikwenda hospitali, jioni alirudi kijijini, akala na watu, akasikia kelele za watoto, akasaidia shambani. Mwenye nyumba alipata kodi. Hapo pana akili ya kibiashara ambayo Bunia ingeielewa vizuri: jirani aliyekuwa akimwogopa kichaa akawa na sababu ya kumtakia mema, sababu mwezi ukiisha kodi inaingia.

Ila Aro ilikuwa na sharti. Mgonjwa alikuja na ndugu mmoja wa kukaa naye. Yaani garde-malade tena. Kwa mtu wa barabarani wa Nyakasanza ni kitu hicho hicho kinachokosekana, kwa hiyo mfano huu hauwezi kubebwa mzima mzima.

Jibu la sehemu hiyo linapatikana Bouaké, nchini Côte d'Ivoire. Huko, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benini ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza magurudumu ya magari wala hakusomea udaktari, alianza kuokota wagonjwa wa akili barabarani na kufungua wale waliofungwa vijijini. Chama chake cha Saint Camille kilijenga hatua kwa hatua: kituo cha kupokea na kutibu, kisha mahali pa kujifunza kazi ya mikono, kisha vituo vidogo vya karibu na vijiji ambapo mtu anarudi kuchukua dawa yake. Na wengi wanaowahudumia wagonjwa ni wagonjwa wa zamani. Mtu aliyelala kwenye mtaro jana ndiye anayempikia na kumkumbusha dawa aliyefika leo. Garde-malade amepatikana, tena ni yule anayejua ugonjwa kwa ndani.

Mfano wa tatu ni wa nchi tajiri na unahitaji tahadhari. Kati ya 2009 na 2013 Kanada ilifanya jaribio kubwa katika miji mitano, na watu zaidi ya 2.000 wasio na makao wenye magonjwa ya akili. Kundi moja lilipewa chumba moja kwa moja pamoja na watu wa kuwatembelea. Kundi lingine liliachwa na huduma za kawaida. Waliopewa chumba kwanza walibaki ndani ya nyumba kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Hawakuambiwa wapone kwanza ndipo wapewe ufunguo. Kule serikali ililipa sehemu kubwa ya kodi, jambo ambalo hazina ya Ituri haiwezi kuahidi leo. Lakini mpangilio wa hatua unaweza kuigwa hata na maskini: pa kulala ni sehemu ya matibabu. Hapa kwetu pa kulala kumekuwa kama zawadi ya mtu aliyekwisha pona, na ndiyo maana wachache wanaipata.

Nani alipe, nani ashike ufunguo

Kwenye karatasi nchi haina upungufu. Katiba ya 2006 inataja haki ya afya kwenye kifungu cha 47, makao yenye heshima kwenye kifungu cha 48, na ulinzi maalumu wa mtu mwenye ulemavu kwenye kifungu cha 49. Sheria namba 22/003 ya Mei 3, 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu inahusu pia ulemavu wa akili. Na sheria ya Oktoba 2008 juu ya mamlaka za chini inaupa mji na tarafa bajeti zake. Tarafa ya Nyakasanza haihitaji kungoja Kinshasa iiruhusu kuwahurumia watu wake.

Katika maisha ya kila siku, pesa ya serikali ikifika Ituri inapita kwanza upande wa usalama. Tangu Mei 6, 2021, hali ya dharura ilipoanza, uongozi wa jimbo uliwekwa mikononi mwa wanajeshi na polisi, na ni wazi kwamba mgonjwa wa akili hayuko juu ya orodha yao. Mashirika ya kimataifa nayo yanatoa msaada mingi wa kusikiliza na kutuliza waathirika wa mauaji na wa ubakaji. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini mradi wa miezi sita wa mazungumzo ya vikundi haumfikii mtu asiyeweza kukaa kwenye kiti dakika tano, wala haulipi kodi ya nyumba mwaka ujao.

Inabaki njia ya kuchanganya, ambayo wengi wataona ndogo. Kanda ya afya itoe muuguzi na dawa. Tarafa itoe nyumba, au iondoe ushuru kwa anayeitoa. Parokia, makanisa na misikiti vitoe unga, maharagi na makaa kwa zamu, kama vinavyofanya kwa wafungwa. Parokia ya Nyakasanza inajua maana ya watu kukimbilia kwake usiku. Iliishi hayo Mei 2003, iliposhambuliwa watu wakiwa wamejificha ndani. Nyumba isiwe kubwa. Vitanda 12 vinavyolishwa mwaka mzima ni bora kuliko 60 vinavyofunguliwa mbele ya kamera na kufungwa msimu wa mvua.

Majirani watapinga, na wasikilizwe. Watauliza kama watoto wao watapigwa, kama bei ya viwanja itashuka. Mgonjwa anayekula, kulala na kumeza dawa ni hatari ndogo sana kuliko yule yule akiwa na njaa mbele ya duka, na jirani tayari anaye huyo wa pili. Hata hivyo ahadi ya mdomo haitoshi. Wapewe namba ya simu ya mtu atakayeitikia usiku, na mmoja wao akae kwenye kamati.

Kamati hiyo ndiyo iulizwe jambo la mwisho, ambalo ni gumu kuliko pesa: nani anashika ufunguo, na mlango unafungwa kwa upande gani. Nyumba iliyofunguliwa kwa sababu wenye maduka walichoka itajengewa ukuta mrefu, itapewa polisi mlangoni, na watu wataletwa humo kwa gari kabla ya kila mgeni mkubwa kutua uwanja wa ndege. Hiyo itakuwa kasho yenye magodoro. Nyumba ya kutibu inafunga mlango usiku dhidi ya walio nje. Aliye ndani anaweza kutoka asubuhi, kwenda sokoni, kurudi kwa chakula cha saa sita. Wengine hawatarudi siku hiyo. Mhudumu atalazimika kwenda kuwatafuta kwenye sehemu zao za zamani na kuwaita kwa majina yao, siku ya kwanza, ya pili, hata ya kumi. Kazi hiyo ya kutafuta ina nauli ya motari, na nauli hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, mstari wake peke yake.